Kifundo Kilichozama

Jumatatu asubuhi mjini Voi, ukuta ndio hulaumiwa. Ukuta ukiponea, lawama huuangukia mlango wa matatu, au pikipiki iliyoteleza kwenye mchanga wa Kaloleni. Kijana ameketi kwenye benchi la kazualti, mkono wa kulia ameupakata kama aliyebeba mayai, na ukimwuliza kilichompata hujibu kabla hujamaliza: "Nilianguka, daktari."

Anayeanguka hutanguliza kiganja kilicho wazi, na mara nyingi huumia kwenye kifundo cha mkono au kwenye kiwiko. Huyu amevimba upande wa nje wa kiganja, chini ya kidole kidogo. Akijaribu kukunja ngumi, vinaonekana vifundo vitatu mahali pa vinne. Cha mwisho kimezama.

Vifundo hivyo ndivyo walimu wetu wa zamani walivyotupigia konzi. Kila kimoja ni kichwa cha mfupa mrefu uliolala ndani ya kiganja, kutoka kifundo cha mkono hadi mzizi wa kidole. Mifupa hiyo iko mitano, na kila kichwa kimekaa juu ya shingo. Shingo ya mfupa wa kidole kidogo ndiyo huvunjika zaidi mtu anapopiga ngumi. Kichwa huinamia ndani ya kiganja, kifundo hutoweka, na mwenye mkono huanza kutunga hadithi.

Nimefanya kazi ya mifupa muda wa kutosha nikaacha kuuchukia uongo huo. Mtu ana sababu zake, na pengine aliyepigwa yuko chumba cha pili akingoja kujaziwa fomu ya P3 ya polisi. Kinachonikera ni mahali tunapoelekeza wasiwasi wetu, mgonjwa na mhudumu pamoja. Tunaikodolea macho eksirei. Tunahesabu mfupa umeinama kiasi gani. Kumbe mfupa huu ni msamehevu kuliko karibu mifupa yote ya mkono, na yanayouharibu mkono wa mtu maisha ni mambo ambayo eksirei ama haiyaoni kabisa, ama huyaonyesha vibaya.

Na huku kwetu mkono ndio mtaji. Mwendesha bodaboda huzungusha akseli na kushika breki ya mbele kwa mkono wa kulia, ule ule anaopigia ngumi. Mkata mkonge wa Mwatate hushika kisu kutwa nzima. Mchimba vito wa Kasigau ana nyundo na patasi, na mkulima wa matuta ya Wundanyi ana mpini wa jembe. Shika mpini wowote uangalie: kidole gumba na cha shahada huelekeza tu. Wanaokaza ni kidole cha pete na kidole kidogo, wale wawili wa mwisho tunaowadharau.

Vitabu vya Kiingereza vimeuita mvunjiko huu wa bondia. Jina limewaonea mabondia. Aliyefunzwa ngumi hunyoosha kifundo cha mkono na kugonga kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, ambavyo mifupa yake imekazwa kwenye kitako cha mkono kama nguzo iliyochimbiwa. Hebu ushike mfupa wa kiganja chini ya kidole kidogo, uusukume juu na chini. Unacheza. Ule wa kidole cha pete unacheza kidogo, na hiyo miwili mingine haitikisiki. Asiyefunzwa huzungusha ngumi kwa mbali kama anayerusha jiwe, ikafika kwa upande, na mzigo wote ukaangukia mfupa mwembamba, uliolegea kuliko wenzake. Tena mara nyingi hufikia paji la uso, mahali ambapo fuvu ni gumu kweli kweli.

Mwaka 1988 ulitupa mfano wa pande zote mbili. Kule Seoul, Robert Wangila alishinda dhahabu ya ndondi ya Olimpiki, Mkenya wa kwanza kuipata, mikono yake ikiwa imefungwa bendeji ndani ya glavu. Wiki chache kabla ya hapo, mwezi wa Agosti, Mike Tyson alikutana na Mitch Green alfajiri nje ya duka la nguo mtaani Harlem. Wawili hao walikuwa wamepigana ulingoni mwaka 1986, raundi 10 nzima. Mtaani ngumi zilikuwa tupu, na bingwa wa dunia wa uzani wa juu akaondoka na ufa kwenye mfupa wa mkono wa kulia. Ikiwa Tyson alivunjika, wewe uliyetoka kwenye kilabu usione haya kusema.

Sasa tuje kwenye picha. Eksirei maarufu ya kwanza ya mwili wa binadamu ilikuwa ya mkono: Desemba 1895, Wilhelm Röntgen alipiga mkono wa mkewe Anna Bertha, mifupa ikatokea pamoja na pete yake. Tangu siku hiyo picha ya mkono imekuwa na uwezo wa kuogofya. Mgonjwa anaiona shingo ya mfupa imekatika na kichwa kimeinama kama ua la alizeti jioni. Mama yake aliyemsindikiza anauliza kwa sauti ya chini: "Daktari, huyu si wa kupasuliwa?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Kwa kidole kidogo, mwinamo wa nyuzi 40 huvumilika, na wapo madaktari wanaokubali zaidi ya hapo. Kwa kidole cha pete tunakubali kama nyuzi 30, cha kati 20, na cha shahada 10 hivi. Sababu ni ule mchezo ulioupima mwenyewe: mfupa unaocheza kwenye kitako chake hufidia mwinamo, na usiocheza hauna pa kufidia. Mwaka 2005 tathmini ya Cochrane ilikusanya majaribio yaliyolinganisha njia za kutibu shingo ya mfupa wa kidole kidogo bila upasuaji, plasta ngumu upande mmoja na bendeji au kufunga kidole upande mwingine. Haikupata njia iliyothibitika kuishinda nyingine. Kwa mvunjiko wa kawaida uliofunikwa na ngozi nzima, kukifunga kidole kidogo pamoja na jirani yake kwa utepe wa kubandika, na kuanza kukitumia mapema, kunatosha kwa wengi.

Jambo moja lazima lisemwe siku ya kwanza: kifundo hakitarudi. Mkono utakunja, utashika, utabeba, lakini pale patabaki bonde. Aliyeambiwa mapema hulizoea. Asiyeambiwa hurudi baada ya miezi miwili akidai alitibiwa vibaya, nami simlaumu.

Kazi ya mtu nayo ina neno lake. Kichwa kilichoinama sana hujitokeza ndani ya kiganja kama kokoto, na mpini wa jembe hukikumbusha kila unapopiga. Kwa mtu wa namna hiyo, mwinamo ukiwa mkubwa, tunaurudisha. Sindano ya ganzi huchomwa palipovunjika, kisha kidole hukunjwa pembe mraba kwenye kifundo na kwenye kiungo cha katikati, halafu husukumwa kuelekea juu huku kidole gumba cha daktari kikikandamiza mfupa kutoka mgongoni mwa kiganja. Mbinu hiyo ilielezwa na Jahss mwaka 1938. Jahss alikifunga kidole kikiwa vivyo hivyo kimekunjwa, na hilo tumeliacha, maana ngozi juu ya kiungo hubanwa ikafa.

Nyuzi nilizozitaja hapo awali zote ni za mfupa ulioinama mbele. Ukizunguka kwenye mhimili wake ni habari nyingine. Mzunguko wa nyuzi 5 tu kwenye kiganja unaweza kukisogeza kidole juu ya mwenzake kwa sentimita moja na nusu huko kwenye ncha. Vidole vikinyooka, huoni kitu. Eksirei ikipigwa, pengine huoni kitu. Kunja ngumi: kidole kidogo kinapanda juu ya cha pete kama miguu ya mtu aliyeketi kwa maringo. Mwenye mkono huo hatashika mpini sawasawa tena, na mfupa ukishaunga hivyo dawa ni kuukata upya. Kwa hiyo kabla ya picha, mwambie mgonjwa akunje vidole vyote, utazame kama ncha zinaelekea sehemu moja kwenye shina la kidole gumba na kama kucha zimepangika. Akishindwa kwa maumivu, mpe ganzi, au uinue kifundo cha mkono kirudi nyuma. Vidole vitajikunja vyenyewe. Kipimo hiki hakina gharama. Nimeona mikono iliyopigwa picha mara tatu katika vituo vitatu bila mtu kuuomba ukunjwe hata mara moja.

Lakini mzunguko na mwinamo havijawahi kuninyima usingizi. Jino limeninyima.

Mtu anapopiga mdomo, jino hutoboa ngozi juu ya kifundo. Kidonda ni kidogo, hakifiki nusu sentimita, na wakati huo ngumi imekunjwa: ngozi, kano inayonyoosha kidole, na mfuko wa kiungo vimejipanga kwenye mstari mmoja, jino likapita vyote mpaka kwenye gegedu. Ngumi ikifunguliwa, kila tabaka huteleza kwenda pake. Tundu la ngozi haliko tena juu ya tundu la kano, na tundu la kano haliko juu ya kiungo. Uchafu wa kinywa umefungiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Anayekitazama kidonda vidole vikiwa vimenyooka huona mchubuko, hukisafisha kwa spiriti, pengine hukishona. Kushona ndiko kunakomaliza mambo.

Siku ya tatu mkono ni mwekundu hadi kifundo cha mkono, mgonjwa hawezi kunyoosha kidole, na usaha umeanza kula gegedu. Wadudu wa kinywa ni mseto. Mmoja wao, Eikenella corrodens, hatishwi na dawa tunazozikimbilia dukani: flukloksasilini haimwezi vizuri, na metronidazoli haimwezi kabisa. Inayomweza ni amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti. Hata hiyo haitoshi kiungo kikishatobolewa. Kidonda hufunguliwa thieta, kiungo huoshwa kwa maji mengi ya chumvi, kisha huachwa wazi, na mkono huinuliwa juu. Sindano ya pepopunda hutolewa. Eksirei hupigwa pia, maana mara nyingine kipande cha jino kimebaki humo.

Hapa ndipo "nilianguka" inapogharimu. Kidonda cha kuanguka na kidonda cha jino vikitazamwa haraka hufanana, na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Tena kuna damu ya watu wawili iliyokutana. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazisubiri hadithi ikomae: zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha zimezwe siku 28. Hepatitisi B nayo ifikiriwe. Siku hizi nikiona kidonda juu ya kifundo siulizi tena kama ulipigana. Nauliza jambo moja tu: "Kijana wangu, hili jino la nani?" Wengi hucheka, na wakicheka husema.

Kuhusu P3 niseme kwa ufupi. Fomu hiyo ni ya polisi, na hujazwa kwa ajili ya aliyelalamika. Daktari hueleza majeraha na kuyapima kama ni madhara, madhara makubwa au kilema. Kumwambia anayekutibu kwamba ulipiga mdomo si sawa na kuandika maungamo kituoni. Ni kweli mahakama inaweza kuitisha rekodi za hospitali, sitakudanganya. Lakini mwenye kidole kilichooza atakuwa na jambo kubwa zaidi la kueleza.

Tuseme hakuna jino, hakuna mzunguko, na tumeamua kuweka plasta. Mahali hapa sisi wenyewe ndio tunaovunja. Mkono uliovimba huvivuta vifundo vya ngumi vinyooke, na mhudumu mwenye haraka huuvisha plasta hivyo hivyo, vidole sambamba kama vya mtu anayeapa. Wazee wanaowamba ngoma wangemzuia. Ngozi huwambwa ikiwa mbichi, ikavutwa mpaka ikaze, maana ikikauka imelegea hujikunja. Kano za pembeni za vifundo vyetu ni hivyo hivyo: kifundo kikikunjwa zinakaza, kikinyooka zinalegea. Ukizifunga wiki nne zikiwa zimelegea, zinafupika, na mtu anaondoka na mfupa uliopona kwenye mkono usiokunja. Plasta sahihi hukirudisha kifundo cha mkono nyuma kidogo, hukunja vifundo vya ngumi nyuzi 70 hadi 90, na kuacha vidole vyenyewe vimenyooka. Umbo lake huchekesha, kama mdomo wa bata. Ni bendi ya upande wa nje tu, inayoshika kidole kidogo na cha pete. Vingine viachwe vifanye kazi.

Wiki tatu zinatosha, nne zikizidi. Eksirei ya wiki ya nne bado itaonyesha mstari wa ufa, kwa sababu mfupa hushikana kabla picha haijakiri. Kumwongezea mtu plasta kwa ajili ya mstari huo ni kuitibu karatasi. Kinachotakiwa ni kubonyeza pale palipovunjika: kama hapaumi, toa. Kushika akseli kwa shughuli nyepesi hurudi upesi, ila gunia na jembe visubiri hadi karibu wiki ya sita au zaidi.

Wahazigi siwapigi vita. Wapo wanaojua mkono wa mtu kwa kuupapasa kuliko baadhi yetu tunavyoujua kwa picha, na kwa mvunjiko huu banzi jepesi la wiki chache halina dhambi. Ugomvi wangu nao ni wa mambo mawili. Kwanza kuchua: kuukanda mkono uliovunjika jana kwa mafuta ya moto au maji moto na chumvi huongeza uvimbe, na hili mama zetu hulifanya nyumbani kabla hata mhazigi hajaitwa. Siku za mwanzo mkono unataka kuinuliwa juu ya moyo na ubaridi kidogo. Pili, kukaza. Banzi au plasta, yangu au yake, ikileta ganzi, vidole baridi, au maumivu yanayozidi ukinyooshewa vidole, ilegezwe usiku huo huo. Pete nayo itolewe saa ya kwanza, kabla mkono haujajaa. Röntgen alibahatika, mkono wa mkewe haukuwa umevimba.

Kidole gumba kina sheria zake. Ngumi iliyofichia gumba ndani, au iliyogonga kwa gumba, inaweza kuvunja kitako cha mfupa wake ndani ya kiungo, kama alivyoeleza Edward Bennett wa Dublin mwaka 1882. Kipande kidogo hubaki mahali pake, na mfupa mzima huvutwa na msuli ukateleza nje. Plasta peke yake mara nyingi haiushiki. Huyu anataka waya za kushikilia, kwa hiyo anataka daktari wa upasuaji wa mifupa ndani ya siku chache, asingojezwe wiki tatu akiwa na bendi ya kujifariji. Kwa aliye Voi au Mwatate rufaa ni jambo la asubuhi moja. Kwa aliye Taveta ni zaidi ya kilomita 100 hadi Voi, na wengi hukata shauri wakavuka mpaka pale Holili waende Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kwa kuwa ni karibu zaidi. Sioni kosa. Mfupa haujui mpaka.

Nimewaacha mwisho wale ambao ukuta wao ni ukuta kweli. Wapo, na si wachache: vijana wa sekondari walioupiga mlango wa bweni, mume aliyegeuka akapiga ukuta ili asimpige mtu. Nyumba ya udongo ingempokea kwa huruma. Voi siku hizi tunajenga kwa mawe na simiti.

Mwanaanthropolojia Grace Harris alifanya utafiti milimani Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 akachapisha kitabu alichokiita *Casting Out Anger*, yaani kuitoa hasira. Alichokieleza ni kutasa. Mtu hupiga funda la maji, la maji ya miwa au la pombe, akalipuliza nje kwa mdomo kama manyunyu, huku akitamka maneno ya kuiachilia hasira iliyo moyoni na kuomba heri. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa kifuani, hata isiyotamkwa, huweza kuwaumiza jamaa wa karibu. Kwa hiyo ilitafutiwa njia ya kutokea, na watu wakiwapo. Sisemi tuweke kibuyu kazualti. Nasema wale wazee waliijua hasira kuwa kitu chenye uzito kinachotaka mlango, nasi tunaitibu kama ajali ya mfupa wa kidole kidogo. Anayekuja mara ya pili na mkono ule ule hahitaji bendi tu. Namwuliza analala vipi, anakunywa nini, na nani yuko nyumbani.

Siku ya kwanza hawajibu. Hujibu wiki ya tatu, mkasi unapopita kwenye plasta na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mmoja wao aliniambia, nikiwa namfungua: "Daktari, ule ukuta ulikuwa na jina." Nilimaliza kukata, nikamfuta vumbi la chokaa vidoleni, nikamwambia akunje ngumi polepole, nitazame kucha.